Huruma ya Wiki Tatu, Matibabu ya Miaka Miwili

Katika juma la kwanza baada ya madaktari kuutaja ugonjwa wa mpwa wangu kwa jina, dada yangu alipokea ujumbe mwingi kiasi kwamba chaji ya simu yake haikufika saa sita mchana. Katika mwezi wa tisa wa matibabu hayo hayo, zilipita siku kumi na moja bila mtu yeyote nje ya nyumba yake kumwandikia neno. Mimi nilikuwa miongoni mwa walionyamaza. Nilikuwa nchi nyingine, nilikuwa na kazi zangu, na nilikuwa nimeambiwa kwamba vipimo vya mtoto vilikuwa vizuri. Nikapiga hesabu ambayo wengi wetu tulio mbali huipiga, kwamba habari zikiwa njema basi haja ya msaada nayo imepungua.

Hesabu hiyo si sahihi, na madhara yake hayaishii kwenye hisia za mzazi aliyeachwa peke yake. Saratani ya mtoto ina kalenda yake, na huruma ya ndugu na marafiki ina kalenda yake, na hizi mbili hazilingani hata kidogo. Huruma hupanda juu siku za kwanza, kisha hushuka wakati ambapo familia ndiyo kwanza inaanza kuchoka. Nikiangalia nyuma, naona kwamba mtu aliye mbali hana kazi kubwa kuliko kuiacha kalenda yake mwenyewe na kuifuata ya matibabu.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kuujua ugonjwa walau kidogo. Saratani inayowapata watoto kuliko nyingine yoyote ni lukemia kali ya limfoblasti, ambayo wengi huiita tu saratani ya damu. Ndiyo iliyompata mpwa wangu akiwa na miaka 4. Hiyo peke yake huchukua takriban robo ya saratani zote za watoto walio chini ya miaka 15, na huwapata zaidi walio kati ya miaka 2 na 5. Matibabu yake huanza kwa awamu kali ya takriban wiki 4, ambayo lengo lake ni kuusafisha uboho, yaani sehemu ya ndani ya mifupa inakotengenezwa damu, hadi darubini isione tena seli za ugonjwa. Watoto walio wengi hufika hapo. Ndipo simu hupigwa, ndugu walio mbali hulia kwa furaha, na wengi wetu huondoka tukiamini kwamba jambo limekwisha, ilhali matibabu yamebakiza miaka 2 au zaidi.

Kwa nini mtoto aendelee kupewa dawa kali kwa ugonjwa usioonekana tena? Jibu lilipatikana kwa gharama ya maisha ya watoto wengi. Mwaka 1948, daktari Sidney Farber wa Boston alichapisha matokeo ya watoto wenye lukemia aliowapa dawa iitwayo aminopterini: baadhi yao ugonjwa ulirudi nyuma, wakainuka kitandani, wakacheza, na baada ya miezi michache ugonjwa ukarejea. Ilichukua miaka mingi zaidi, ikiwemo kazi iliyoongozwa na Donald Pinkel huko Memphis kuanzia miaka ya 1960, kabla ya madaktari kujua kwamba ni lazima dawa kadhaa zichanganywe, kwamba majimaji ya ubongo na uti wa mgongo nayo hayana budi kutibiwa, na kwamba dawa ziendelee kwa muda mrefu baada ya vipimo kuwa safi. Mambo hayo matatu, urefu wa matibabu ukiwemo, ndiyo yaliyougeuza ugonjwa uliokuwa ukiua karibu kila mtoto kuwa ugonjwa ambao, penye huduma kamili, watoto walio wengi hupona.

Katika awamu hiyo ndefu, dawa huhamia nyumbani. Kuna kidonge cha mekaptopurini cha kila siku, kuna methotreksati ya mara moja kwa wiki, kuna siku za kurudi hospitali kupima damu, na mara kwa mara kuna sindano ya mgongoni. Watafiti waliofuatilia watoto walio katika awamu hii wameona kwamba wanaokosa zaidi ya dozi 5 katika kila 100 hukabiliwa na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kujirudia. Sasa tujiulize ni nani anayehakikisha kwamba kidonge cha jioni ya siku ya mia nne na hamsini kimemezwa na hakikutapikwa. Hakuna muuguzi hapo. Kuna mama au baba ambaye hajalala vizuri kwa mwaka mzima, ambaye huenda ameacha kazi, na ambaye dunia imekwisha kumpongeza na kwenda zake. Uchovu wa mtu huyo umo ndani ya matibabu, na kila anayempunguzia uchovu huo, hata kwa njia ya simu, anagusa matibabu yenyewe.

Haya hayahusu familia moja tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana takriban 400,000 wenye umri wa hadi miaka 19 huugua saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 yao hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wanaopona ni chini ya asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kimataifa wenye lengo la kufikisha angalau asilimia 60 ifikapo mwaka 2030. Sababu za pengo hilo ni nyingi, nazo ni pamoja na kuchelewa kutambua ugonjwa, uhaba wa dawa na upungufu wa wataalamu. Lakini moja inatuhusu sisi moja kwa moja, nayo ni familia kuacha matibabu katikati. Wataalamu huhesabu kwamba matibabu yameachwa mtoto asipohudhuria kwa wiki 4 mfululizo. Familia hufika huko taratibu, kupitia nauli iliyokosekana, kazi iliyopotea, watoto wengine waliobaki nyumbani bila mtu, na upweke. Yote hayo yanaweza kuguswa kutoka mbali.

Tuna methali isemayo fimbo ya mbali haiui nyoka, na nimeisikia ikitumiwa na watu wanaojiondolea wajibu. Ina ukweli wake. Siwezi kumshika mtoto begani anapojikunja kwa ajili ya sindano ya mgongoni, wala siwezi kukaa wodini ili mama yake akaoge. Lakini nyoka huyu hauawi kwa pigo moja, na mtu ambaye hachoshwi na kazi ya kila saa ndiye anayeweza kubaki na nguvu katika mwezi wa kumi na tano.

Kosa la pili tunalolifanya, nami nimelifanya, ni kuuliza: "Nikusaidieje?" Swali hili lina nia njema, ila linamrudishia kazi yule yule aliyelemewa. Inambidi afikirie anahitaji nini, apime kama ombi litakuwa zito kwa muulizaji, kisha apange maneno ya kuombea. Wengi hujibu, "Tunashukuru, tuombeeni tu." Wahenga walilijua hilo waliposema mgonjwa haulizwi uji. Tatizo letu ni kwamba anayepeleka uji yupo karibu, anaona chungu kitupu, na sisi hatuoni. Dawa ya kutoona ni kujua ratiba. Nilipomwomba dada yangu anitumie picha ya karatasi ya matibabu iliyobandikwa jikoni kwake, mambo mengi yalibadilika, maana tangu siku hiyo nilijua ni siku gani za kipimo cha uti wa mgongo, ni wiki gani chembe za kinga hushuka, na ni siku zipi tano za deksamethasoni.

Siku hizo tano zinahitaji maelezo. Deksamethasoni ni dawa ya jamii ya steroidi, nayo humfanya mtoto mdogo awe na njaa isiyoshibishwa, hasira asizozielewa mwenyewe na usingizi wa vipande vipande. Mpwa wangu alikuwa akiamka saa tisa usiku akidai chakula, na kwa kuwa kwangu wakati huo ilikuwa saa nne asubuhi, umbali uliokuwa ukinihuzunisha ukageuka kuwa kitu cha manufaa. Dada yangu aliiegemeza simu kwenye kikombe. Nilisikia kijiko kikigonga sahani, kikinyamaza, kikigonga tena. Hatukuzungumza. Mimi niliendelea na kazi zangu mezani, yeye aliegemea ukuta, na mtoto alikula kwa umakini kama wa mtu mzima mwenye jambo la kumaliza. Baada ya dakika arobaini hivi alisema, "Mjomba, nimeshiba," akalala. Dada yangu alikata simu bila kuaga. Katika miezi yote ile, sikumbuki saa niliyokuwa na manufaa zaidi ya hiyo.

Kunyamaza pamoja na mtu ni jambo gumu kwa sisi tulio mbali, kwa sababu sauti ndiyo kitu pekee tulicho nacho na hutaka kuijaza. Ndipo tunapotoa maneno ambayo tungekaa nayo. Tunamwambia mzazi kwamba ana nguvu, naye anaelewa kuwa hana ruhusa ya kuvunjika. Tunamwambia kwamba fulani naye aliugua akapona, ilhali saratani ya fulani ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Watu wazima kadhaa walimuuliza dada yangu mtoto yuko hatua ya ngapi, swali lililomchanganya, kwa kuwa lukemia haihesabiwi kwa hatua moja hadi nne kama saratani za uvimbe. Madaktari huwapanga watoto kwa kiwango cha hatari ya ugonjwa kujirudia. Hata maneno ya imani, ambayo kwangu mimi ni ya thamani, yana wakati wake. Kumwombea mtu ni jambo moja. Kumweleza kwa nini Mungu ameruhusu mtoto wake augue ni jambo jingine, na sijui aliyepewa kazi hiyo.

Afadhali ujumbe mfupi unaomalizika kwa neno moja: usinijibu. Mzazi aliye wodini huuhesabu kila ujumbe usiojibiwa kama deni. Ukimwondolea deni hilo, unaweza kumwandikia kila siku bila kumchosha. Ipo pia kazi nzima ambayo aliye mbali anaiweza kuliko aliye karibu, nayo ni kupeleka habari. Tulikubaliana kwamba kila Ijumaa dada yangu angenitumia ujumbe wa sauti, hata wa nusu dakika, nami ningeuandika vizuri, nimsomee kwanza, kisha nitume kwa ukoo na marafiki. Maswali yote yangekuja kwangu. Watu wawili walikasirika kwa kutopata habari moja kwa moja, na ilikuwa haki yangu, si yake, kuibeba hasira hiyo. Mzazi aliyekuwa akirudia habari moja mara ishirini kwa siku, na kuishi upya kila mara yale aliyoyaona asubuhi, akaisema mara moja tu kwa wiki.

Kuhusu tiba zinazotumwa kutoka mbali, nina la kukiri. Katika mwezi wa nne wa matibabu nilinunua vitamini za watoto, za gharama, zenye picha ya mtoto mwenye mashavu kwenye boksi, nikazituma kwa haraka. Mfamasia wa hospitali alisoma lebo akazirudisha. Zilikuwa na asidi ya foliki, ambayo ni vitamini ya kundi B, na methotreksati hufanya kazi yake kwa kuizuia foliki isitumike na seli. Farber mwenyewe alifikia dawa yake baada ya kuona kwamba watoto wenye lukemia waliopewa viambata vya asidi ya foliki walionekana kuzidiwa kwa kasi, ndipo akatafuta kitu cha kuipinga. Nilikuwa nimelipa fedha na kusafirisha kwa mapenzi kitu ambacho kingeweza kupambana na dawa ya mtoto. Mitishamba nayo inahitaji tahadhari hiyo hiyo. Hakuna kitu cha kumezwa kinachopaswa kutumwa kabla timu ya matibabu haijasema ndiyo, na si haki kumpa mama mtihani wa kuchagua kati ya kumkosea shangazi aliyetuma chupa na kumkosea daktari.

Fedha zenyewe ni rahisi kueleza na ngumu kutekeleza. Hata pale ambapo dawa hulipiwa na bima au serikali, kuna nauli, malazi karibu na hospitali, simu, mlezi wa watoto waliobaki, na mshahara wa mzazi aliyelazimika kuacha kazi. Kiasi kidogo kinachofika tarehe ile ile kila mwezi kwa miaka miwili kina manufaa kuliko kitita cha mara moja, kwa kuwa familia inaweza kukipangia. Kitumwe bila kudai hesabu. Na anayeanzisha mchango wa hadhara awaulize wazazi kwanza, hasa kuhusu picha. Mtoto asiye na nywele, mwenye mpira wa dawa kifuani, atakuwa na miaka kumi na mitano siku moja, na picha ile itakuwa bado ipo kwenye intaneti ikisubiri wanafunzi wenzake waione.

Yupo mtu mwingine ndani ya nyumba ambaye karibu kila mtu humsahau, na kwa maoni yangu hapo ndipo aliye mbali ana nafasi kubwa kuliko popote. Ni ndugu wa mgonjwa. Kaka wa mpwa wangu alikuwa na miaka 9. Katika usiku mmoja alipoteza mama aliyehamia wodini, akapewa sheria za kunawa mikono na kutoleta rafiki nyumbani, na kila mgeni aliyeingia alimuuliza, "Mdogo wako anaendeleaje?" Watoto wa umri mdogo huweza kuamini kwamba wao ndio waliosababisha ugonjwa, kwa sababu waligombana na mwenzao au waliwahi kumtakia mabaya. Hili halijitokezi lenyewe. Ni lazima mtu mzima aliseme wazi, kwamba saratani haiambukizwi, haiji kwa ugomvi, wala hakuna aliyeileta. Nilimpigia kijana huyo kila Jumatano baada ya shule. Tulifanya hesabu za sehemu. Miezi miwili ilipita tukifanya hesabu tu, na siku moja, penseli ikiwa mkononi, aliniuliza kama ile homa aliyokuja nayo kutoka shuleni ndiyo iliyomgeuka mdogo wake. Alikuwa amekaa na swali hilo muda wote huo. Hakuna mtu mzima nyumbani aliyekuwa na Jumatano ya bure ya kulisubiri.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya umbali ni kusafiri. Wakati mwingine ni kweli, ila safari nayo ifuate ratiba ya mtoto. Chembe nyeupe za kinga zikishuka, mafua ya mgeni ni hatari, na tetekuwanga, ambayo kwa watoto wengi hupita, kwa mtoto huyu inaweza kuwa ya kuua. Familia nyingi huelekezwa kukimbilia hospitali saa yoyote mtoto akifikisha joto la nyuzi 38, hata akionekana mchangamfu, kwa hiyo anayekuja kutembea ajue kwamba chakula cha jioni kinaweza kuachwa mezani na kila mtu akajikuta kwenye gari. Asafiri mzima, awe amepata chanjo zake, na aje kufua na kupika, si kupokelewa. Na asikimbilie wiki ya kwanza ambayo kila mtu yupo. Mwezi wa saba wa matibabu ni mzuri zaidi.

Si kila mtoto hupona, na makala yanayohusu kudumu na familia hayawezi kulikwepa hilo. Matibabu yakishindikana, walio mbali ndio huwa wa kwanza kupotea, kwa kuwa hawajui waseme nini, na simu ni rahisi kutoipiga. Wazazi niliowajua wodini kupitia dada yangu, waliofiwa, hawakulalamikia maneno mabaya kama walivyolalamikia ukimya. Walitaka jina la mtoto litajwe. Walitaka mtu akumbuke siku yake ya kuzaliwa mwaka uliofuata, na mwaka uliofuata tena. Kwa hili umbali si kisingizio hata chembe.

Kwa upande wetu, dawa zilikoma baada ya miaka miwili na miezi kadhaa. Nilitarajia furaha, nikamkuta dada yangu na hofu kuliko mwaka mzima uliotangulia. Hilo nalo huwapata wazazi wengi, kwa maana dawa zilikuwa ukuta, na sasa ukuta umeondolewa, na kila doa la bluu mguuni mwa mtoto anayecheza linamrudisha mama kwenye siku ile ya kwanza. Vipimo vya damu huendelea, kwa kawaida mara kwa mara zaidi katika mwaka wa mwanzo, kisha nafasi kati yake hupanuka. Moyo, ukuaji na masomo navyo hufuatiliwa kwa miaka, kwa kuwa baadhi ya dawa huacha alama zinazochelewa kuonekana. Ndugu wengi walikuwa wametuma salamu za mwisho. Nimeibandika karatasi mpya ukutani kwangu, yenye tarehe za vipimo peke yake, na asubuhi ya kila tarehe huandika maneno yale yale: leo ni siku ya damu, ninaijua, usinijibu.